Jibu Lako Limekosea Mara Ngapi? Kutambua Makosa ya Vipimo na ya Kubadili Vizio

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi akiona jibu lake halifanani na la mwalimu, jambo la kwanza analofanya ni kufuta. Anafuta ukurasa mzima, anaanza upya, na mara nyingi anaishia pale pale. Nakusihi usifute. Jibu lililoharibiwa na vizio huwa na alama ya kosa lenyewe, na ukijua kuisoma alama hiyo utakifikia chanzo bila kurudia hesabu yote.

Namna ya kuisoma ni hii: chukua jibu lako, ligawe kwa jibu sahihi. Likitoka chini ya 1, geuza, gawa lililo sahihi kwa la kwako. Tazama namba uliyoipata. Ikiwa ni 10, 1,000, 25.4, 3.6, 9.81 au 2.2, basi huenda hesabu zako zilikuwa nzuri tangu mwanzo. Kilichokosewa ni kizio, na namba hiyo inakutajia ni kipi. Ikiwa haifanani na namba yoyote unayoijua, acha kugawa, toa moja kwenye nyingine. Kosa la kizio huonekana ukigawanya. Kosa la chombo cha kupimia huonekana ukitoa.

Naandika haya kwa sababu kila muhula naona vijana wenye akili nzuri ya hisabati wakijihesabu kuwa hawafai kwa uhandisi, kumbe shida yao yote ni kwamba walimu waliowatangulia waliwaruhusu kuandika namba bila kizio na kukibandika mwishoni, kwenye jibu tu. Hilo linarekebishika.

Karakanani hakuna majibu nyuma ya kitabu, kwa hiyo unahitaji kitu kingine cha kulinganisha nacho. Weka kichwani vipimo vichache vya vitu unavyovishika kila siku: ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 za maji, mfuko wa saruji ni kilo 50, karatasi ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ni mita 2.44 kwa 1.22, mlango una mita 2 na kidogo, nondo nzima ina mita 12. Kabla ya kuamini kikokotoo, uliza kama jibu lake lingeweza kubebwa, kupita mlangoni, au kuingia kwenye tangi lililo mbele yako.

Limekosea mara 10

Hapa kuna ugomvi wa milimita na sentimita. Fundi cherehani na wauza mapazia wanasema sentimita; michoro ya uhandisi karibu yote iko kwenye milimita, na mara nyingi mchoraji haandiki "mm" pembeni ya kila namba kwa sababu ameshaandika mara moja chini, kwenye kisanduku cha maelezo. Mwanafunzi asiyesoma kisanduku hicho anakuta "450" na kuanza kubahatisha.

Chanzo kingine kiko kwenye venia, kile chombo chenye taya cha kupimia unene na kipenyo. Baadhi ya venia zimeandikwa 1, 2, 3 kwa maana ya sentimita; nyingine zimeandikwa 10, 20, 30 kwa maana ya milimita. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine bila kutazama, utasoma 2.34 mahali penye 23.4. Dawa: kabla ya kupima chochote, hesabu vistari vidogo kati ya namba mbili zinazofuatana. Vikiwa na nafasi kumi kutoka 1 hadi 2, namba hizo ni sentimita.

Limekosea mara 100, 1,000 au milioni

Hili ndilo kosa linalowaangusha wengi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Chukua nondo ya milimita 12. Umeulizwa uzito wa mita moja ya nondo hiyo, na densiti ya chuma ni kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Eneo la mkato wake ni π × 12² ÷ 4, yaani milimita za mraba 113.1. Sasa ni lazima uzigeuze ziwe mita za mraba, na mwanafunzi anakumbuka kwamba mita moja ni milimita 1,000, anagawa kwa 1,000, anapata 0.1131. Anazidisha kwa 7,850 na kuandika kilo 888. Mita moja ya nondo ya mm 12, kilo 888! Angesimama sekunde tatu akaikumbuka nondo iliyolala nje ya karakana, ambayo mtu mmoja huinua ncha yake kwa mkono, asingeandika hivyo.

Jibu sahihi ni kilo 0.888. Gawa: 888 kwa 0.888 ni 1,000. Alama hiyo inasema umegeuza urefu, lakini ulichokuwa nacho ni eneo. Milimita ya mraba ina pande mbili, na kila upande unahitaji kugawiwa kwa 1,000 yake. Kwa hiyo mita ya mraba moja ni 1,000 × 1,000, yaani milimita za mraba 1,000,000. Vivyo hivyo mita ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, siyo 100, na mita ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000.

Ukilikumbuka hilo, unaweza kusoma alama zote za familia hii. Ukikosea mara 100 kwenye eneo, uligeuza sentimita kwa upande mmoja tu. Ukikosea mara 1,000 kwenye eneo, ulifanya hivyo kwa milimita. Ukikosea mara 10,000 kwenye ujazo, uligeuza sentimita upande mmoja ukasahau pande mbili. Mfano wa hili la mwisho: tangi la sentimita 150 kwa 100 kwa 80 lina sentimita za ujazo 1,200,000. Gawa kwa 100 na utapata mita za ujazo 12,000, maji ya kujaza karibu mabwawa matano ya kuogelea ya Olimpiki. Jibu lenyewe ni mita za ujazo 1.2, sawa na lita 1,200.

Njia ninayoiona kuwa salama zaidi ni kugeuza kila urefu kuwa mita kabla ya kuzidisha chochote. Andika 1.5 m × 1.0 m × 0.8 m, na ujazo utajitokeza wenyewe kwenye mita za ujazo. Kwenye nondo, andika kipenyo 0.012 m tangu mstari wa kwanza. Sifuri zinakuwa nyingi, lakini huna tena cha kusahau.

Kuna ndugu wa kosa hili kwenye herufi za mwanzo za vizio: M kubwa ni mega, mara milioni, m ndogo ni mili, sehemu ya elfu. Kati yao kuna bilioni nzima. Ukiona jibu la umeme limekosea mara bilioni, tazama mwandiko wako kabla ya kutazama saketi. Na kwa watu wa majengo, kariri kwamba megapaskali 1 ni sawasawa na newtoni 1 kwa milimita ya mraba. Itakuokoa kwenye kila swali la nguvu za vifaa.

Uwiano ni 12.96, au 645, au namba nyingine ya ajabu

Tafuta kipeo cha pili. 12.96 ni 3.6 × 3.6. 645.16 ni 25.4 × 25.4. Ukipata namba ambayo ni mraba wa kigeuzi unachokijua, maana yake ulizidisha mahali pa kugawa, au uligawa mahali pa kuzidisha. Gari linakwenda kilomita 72 kwa saa. Ukizidisha kwa 3.6 unapata mita 259.2 kwa sekunde, na jibu sahihi ni 20. Gawa 259.2 kwa 20, ndiyo 12.96 yako.

Mwanafunzi anayekosea hapa amekariri "3.6" bila kukariri upande. Simlaumu, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kukariri pande za vigeuzi vyote. Lakini hahitaji kukariri. Aandike kizio pamoja na kila namba, na avikate vizio kama anavyokata namba kwenye sehemu:

72 km/saa × (1,000 m / 1 km) × (1 saa / 3,600 s) = 20 m/s

Kila mabano hapo yana thamani ya 1, kwa sababu juu na chini ni kitu kile kile kwa majina mawili. Kuzidisha kwa 1 hakubadilishi kasi ya gari; kunabadilisha vizio tu. Kilomita ya juu inakatwa na kilomita ya chini, saa inakatwa na saa, inabaki mita juu na sekunde chini. Ungegeuza mabano kwa bahati mbaya, kilomita zisingekatika, ungebaki na kilomita za mraba kwa mita, kitu ambacho hakipo. Karatasi yenyewe ingekukatalia. Ndiyo maana nasisitiza mwanafunzi aandike vizio kwenye kila mstari hata anapoharakisha, na ndiyo maana nampa alama zaidi mwanafunzi aliyeandika vizio vyote akakosea kuzidisha kuliko aliyepata jibu kwa namba tupu.

Njia hii inafanya kazi kwa mlolongo wowote. Pampu ya lita 1,200 kwa saa ni mita ngapi za ujazo kwa sekunde? Lita zikatwe na lita, saa na saa:

1,200 L/saa × (1 m³ / 1,000 L) × (1 saa / 3,600 s) = 0.000333 m³/s

Limekosea mara 2.2

Paundi na kilo. Kilo moja ni paundi 2.2046, na kosa hili liliwahi kuishusha ndege ya abiria kutoka angani bila injini.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767, safari namba 143, ilitoka Montreal kupitia Ottawa kwenda Edmonton. Geji za mafuta hazikuwa zikifanya kazi, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa vijiti ndani ya matangi na wahusika wakapiga hesabu kwa mkono. Vijiti vilionyesha lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ili kugeuza lita kuwa kilo walitumia namba 1.77 waliyozoea kuitumia kwenye ndege za zamani za kampuni hiyo.

Fuata hesabu yao. 7,682 × 1.77 = 13,597. Wakaona zimepungua 22,300 − 13,597 = 8,703. Wakagawa 8,703 kwa 1.77, wakaongeza lita 4,917. Kila mstari wa kuzidisha na kugawa ni sahihi. Tatizo ni kwamba 1.77 ni paundi kwa lita, wakati 767 ilihesabiwa kwa kilo. Mafuta ya ndege yana takribani kilo 0.803 kwa lita. Gawa 1.77 kwa 0.803, unapata 2.2. Ilihitajika kuongezwa lita 20,088.

Injini zilizimika zote mbili njiani. Rubani Robert Pearson na msaidizi wake Maurice Quintal waliiongoza ikiteleza hewani kama ndege isiyo na injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Manitoba, na watu wote 69 walitoka hai. Mfano huu huwa naufundisha kwa hesabu zake zote, siyo kwa hadithi yake tu, kwa sababu mwanafunzi akiona kwamba watu wazima wenye uzoefu walizidisha na kugawa kwa usahihi na bado wakapungukiwa na zaidi ya nusu ya mafuta, anaelewa kwa nini simruhusu kuandika "1.77" bila kuweka kizio pembeni. Wangeandika "1.77 paundi/lita", paundi isingekatika na kilo.

Limekosea mara 1.2

Uwiano huu una sababu mbili zinazofanana kwa sura, na inafaa kuzijua zote.

Ya kwanza ni galoni. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Moja kwa nyingine ni 1.2. Kitabu cha injini kilichochapishwa Marekani kikisema galoni 5 za mafuta, usizigeuze kwa galoni ya Kiingereza.

Ya pili ni ekari. Mashambani Tanzania ekari hupimwa hatua 70 kwa 70, na kipimo hicho ni kizuri sana: hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia wari moja, na ekari ni wari za mraba 4,840, wakati 70 × 70 ni 4,900. Waliotumia kipimo hiki walikuwa wakikosea kwa karibu asilimia moja tu. Shida inaanza mwanafunzi anapochukua futikamba na kupima mita 70 kwa mita 70 akiita ekari. Ekari ni mita za mraba 4,047. Yeye ana 4,900, mara 1.21. Wari ni mita 0.9144, na kwa kuwa hili ni eneo, tofauti hiyo inaingia mara mbili. Kwenye mchoro wa shamba la umwagiliaji, asilimia 21 ni mabomba na fedha za mtu.

Limekosea mara 9.81, au mara 4.45

9.81 ni kilo zilizoandikwa mahali pa newtoni. Mfuko wa saruji una tungamo la kilo 50. Ukiuweka juu ya boriti, unaisukuma kwa kani ya newtoni 490.5. Maswali ya boriti na nguzo yanataka kani. Watu wa sokoni wanasema "uzito wa kilo 50" na hawajakosa lolote katika biashara yao, lakini wewe kwenye karatasi yako tenganisha: kilo ni kiasi cha kitu, newtoni ni msukumo. Ukikosea mara 96, ulizidisha kwa 9.81 pale ulipotakiwa kugawa.

4.45 ni paundi ya kani dhidi ya newtoni. Septemba 1999 chombo cha NASA cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipokuwa kinafika Mirihi, kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa msukumo wa injini ndogo kwenye paundi-sekunde na programu iliyozipokea namba hizo ilizihesabu kuwa newtoni-sekunde. Kilipita karibu mno na sayari. Ukipokea namba kutoka kwa mwenzako wa kikundi, ipokee pamoja na kizio au usiipokee.

Limekosea kidogo tu, asilimia 2 hadi 15

Haya ndiyo makosa ninayoyaogopa zaidi, kwa kuwa jibu linaonekana la kweli. Lile la kilo 888 litakushtua. Hili halitakushtua mpaka fremu igome kuingia.

Sababu kubwa ni kuandika futi na inchi kana kwamba ni desimali. Fremu ya mlango ya futi 6 na inchi 8, mwanafunzi anaandika 6.8 kwenye kikokotoo, anazidisha kwa 304.8 na kupata milimita 2,073. Futi 6 na inchi 8 ni inchi 80, na 80 × 25.4 ni milimita 2,032. Jibu lake limezidi kwa sentimita nne. Futi 6 na inchi 10 ni mbaya zaidi: anaandika 6.10, kikokotoo kinaisoma kama 6.1, na anapoteza sentimita 22. Kanuni yangu haina tofauti kwa wanafunzi wote: geuza kila kitu kuwa inchi kwanza, kisha zidisha kwa 25.4. Namba hiyo 25.4 ni kamili, haina desimali zinazoendelea. Ilikubaliwa kimataifa mwaka 1959, kwa hiyo huna sababu ya kutumia 25 wala 2.5 "kwa kukadiria".

Sehemu za inchi nazo zina mtego. Futikamba nyingi zimegawa inchi mara 16. Mwanafunzi anahesabu vistari vitatu baada ya inchi 5 na kuandika 5.3. Ni 5 na 3/16, yaani 5.1875.

Muda una ugonjwa huo huo. Pampu imejaza lita 3,000 kwa saa 2 na dakika 45. Ukigawa kwa 2.45 unapata lita 1,224 kwa saa, na ukweli ni 1,091, kwa sababu dakika 45 ni saa 0.75.

Na ukiwa na swali la pembe lenye jibu lisiloeleweka kabisa, bonyeza sine ya 30 kwenye kikokotoo. Ni lazima itoke 0.5. Ikitoka −0.988, kikokotoo kiko kwenye radiani. Mtu anaweza kukitumia kikokotoo cha mwenzake siku ya mtihani na kupoteza swali zima kwa jambo hili, na kulikagua hakuchukui hata nusu dakika.

Joto na presha

Hapa kugawanya hakusaidii, kwa sababu selsiasi na kelvini hazitofautiani kwa kuzidisha, zinatofautiana kwa kuongeza 273.15. Kosa la kawaida ni kuiongeza mahali pasipohitajika. Nyuzi 20 za selsiasi ni kelvini 293.15, lakini joto *lililopanda* kwa nyuzi 20 limepanda kwa kelvini 20 tu. Nondo ya mita 12 ikipata joto zaidi kwa nyuzi 20 hurefuka kwa 12 × 0.000012 × 20, yaani milimita 2.88. Aliyeweka 293.15 anapata milimita 42. Kwenye sheria za gesi ni kinyume chake: hapo lazima kelvini kamili itumike, na presha ya geji iongezewe ya hewa. Tairi ya psi 32 (paundi kwa inchi ya mraba) ina kilopaskali 221 kwenye geji, lakini ndani yake mna takribani kilopaskali 322.

Nimepima vizuri, lakini kitu hakilingani na jina lake

Mara nyingi hujakosea. Bomba la chuma la "nusu inchi" ukilipima nje kwa venia utapata takribani milimita 21.3, mbali kabisa na 12.7. Nusu inchi ni jina la saizi, na limebaki kutoka enzi ambapo lilitaja tundu la ndani kwa makadirio. Mbao ya 2 kwa 4 ikishapigwa randa imepungua. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Waya wa "2.5" ni milimita za mraba 2.5 za shaba; ukipima kipenyo cha uzi mmoja mzima utapata milimita 1.78. Bolti ya M8 ina kipenyo cha milimita 8 kwenye nyuzi zake, lakini spana yake ni namba 13, kwa kuwa spana inapima nati pande kwa pande.

Hapo hapo kwenye spana: nusu inchi ni milimita 12.7. Spana namba 13 itaingia kwenye nati inayofunguliwa kwa spana ya nusu inchi, ikicheza kidogo, na ukiilazimisha itakula kona za nati.

Umeme wa nyumbani nao una jina lake. Uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, ni kilowati-saa 1: kilowati *zidisha* saa. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa inakula nusu uniti. Ukitakiwa kupata jouli za uniti moja, zidisha wati 1,000 kwa sekunde 3,600, upate jouli 3,600,000. Anayegawa kwa saa amechanganya nguvu ya pasi na nishati iliyotumika.

Tofauti ni ile ile kila mara

Sasa toa badala ya kugawa. Ukipima vipande vitano na kila kimoja kimezidi kwa kiasi kile kile, kiwe kirefu au kifupi, tatizo liko kwenye chombo.

Venia: funga taya kabisa na utazame. Ikisoma 0.06 ikiwa imefungwa, kila kipimo chako kimezidi kwa 0.06, punguza. Kabla ya hapo futa taya kwa kitambaa safi, kwani mara nyingi hiyo 0.06 ni chenga ya chuma.

Mikromita (chombo cha skrubu cha kupimia unene mdogo): ukikosea kwa 0.50 kamili, hukuona kistari cha nusu milimita kwenye shina. Ngoma, sehemu inayozunguka, ina mgawanyo 50, kila mmoja 0.01, kwa hiyo ikizunguka mara moja inasogea nusu milimita tu. Unaposoma 7.23 jiulize kama si 7.73. Ukikosea kiasi kinachobadilika kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine, kuna anayekaza ngoma kwa nguvu za mkono. Tumia kile kishikio kidogo cha mwisho kinachotoa mlio.

Futikamba: kichwa chake kinacheza kidogo, na kimetengenezwa hivyo kwa makusudi. Kinacheza kwa unene wake, ili ukikinasa nje ya ubao au ukikisukuma ndani ya kona upate kipimo kilicho sawa. Ukiona mtu anakigonga kwa nyundo ili kitulie, mzuie.

Rula: ncha ikiwa imelika, anzia kwenye sentimita 10 na utoe 10. Na jicho liwe juu ya kistari moja kwa moja. Anayesoma kwa pembeni atakosea kwa upande ule ule kila mara.

Ukishasahihisha chombo, usiongeze usahihi ambao chombo hakikukupa. Chumba kilichopimwa kwa futikamba, 3.42 m kwa 2.87 m, kikokotoo kitasema 9.8154. Andika 9.82. Tarakimu ya nne hukuipima.

Tofauti haina mpangilio wowote

Rudia kipimo mara kadhaa mahali pale pale bila kutazama ulichoandika mwanzo. Vikikaribiana sasa, ulikuwa unaharakisha, na wastani wake ni jibu zuri. Visipokaribiana, huenda chombo ni kizima na wewe ni mzima, ila kipande chenyewe hakiko sawa. Hili hutokea sana kwa vipande vilivyotoka kwenye mashine ya kukereza. Pima kipenyo, zungusha kipande robo ya mzunguko, pima tena hapo hapo. Ukipata 25.02 upande mmoja na 24.94 upande wa pili, andika zote mbili kwenye ripoti. Ukiandika wastani wa 24.98 peke yake, atakayeipokea kazi atadhani kipande ni duara, ataagiza beringi ya 25, na haitaingia.